Malalamiko Dhidi ya Mashine Iliyonipokonya Vioo Tisa

Kwa Mkuu wa Kitengo cha Kupanga Vioo,

Salamu nyingi. Najua kwamba nje ya lango la kazi wewe ni binti yangu, tena asubuhi hii tumekunywa chai meza moja. Lakini jambo la ofisini huandikiwa ofisini, ndiyo maana nimetumia karatasi yenye nembo.

Nalalamikia mashine yako. Kwa miaka ishirini na miwili mwanga wa mtambo huu, ambao watafiti huutumia kuchunguza vitu visivyoonekana kwa macho, umepita kwenye vioo tisa vilivyopangwa na mikono hii. Kioo kikiinama hata unywele tu, mwale unagonga ukuta na mtafiti anarudi kwao hajaona kitu. Sasa mashine inavipanga yenyewe. Madai yangu ni haya:

1. Ina haraka isiyo na adabu. Kazi niliyoifanya kutwa nzima, yenyewe inaimaliza kwa dakika nne. Haraka haraka haina baraka, lakini nani aiambie? Haina wazee.

2. Haisemi. Mimi nilivibembeleza vioo, nikavitukana kidogo ilipobidi, hasa kile cha saba, ambacho ni kaidi kama shangazi yako. Watafiti walisimama nyuma yangu kimya, na mwanga ukitua wananipigia makofi. Jana nimemkuta mmoja anaipigia makofi kompyuta. Jamani!

3. Imeniibia. Nikikaza skrubu huwa naipitisha kidogo, halafu nairudisha nusu mzunguko. Hiyo ndiyo siri yangu. Wiki iliyopita nimeiona mashine inapitisha, inarudisha nusu! Nilipouliza, fundi wako akanijibu bila haya kwamba uliifundisha kwa madaftari yangu. Yale ya kwenye sanduku chini ya kitanda! Hata kuniomba hukuniomba.

4. Imeingia mpaka nyumbani. Siku hizi narudi mapema, na mama yako ananingoja na milango ya makabati iliyolala upande. Juzi kaniambia mlango mmoja umenichukua saa mbili, na kwamba mashine ya binti yetu ingekuwa imemaliza nyumba nzima. Iliniuma, sikufichi.

Kwa hiyo naomba mashine ifanyiwe usaili kama tulivyofanyiwa sisi, ilete wadhamini wawili wenye akili timamu, na ikae miezi sita chini ya uangalizi wangu bila kugusa kitu. Vioo vyote tisa virudi mikononi mwangu. Ikinuna, ipelekwe stoo.

Nisalimie kitengo kizima, na yule fundi asiye na haya pia. Mwambie koti lake amelisahau kwangu.

Mtumishi wako mtiifu kazini, mzazi wako kwingineko kote,
Fundi wa Vioo

Tanbihi: Hayo niliyaandika asubuhi. Mchana mlipokwenda kula, niliizima mashine nikakisogeza kioo cha saba kwa mkono, ili kukuonyesha kwamba mkono wa mtu hauna mbadala. Mwale umepotea. Nimehangaika saa nzima, na macho, mwanangu, siku hizi yananiangusha. Ile alama ndogo ya kulengea mwale siioni tena. Yule mtafiti aliyesubiri zamu yake miaka miwili anaingia saa tisa. Tafadhali njoo uiwashe, upesi. Ikirudisha nusu mzunguko usiizuie, hapo iko sahihi. Na mama yako asijue.