Waraka Namba Tisa na Kirusi cha Ijumaa

Umma unatangaziwa kwamba Ofisi ya Usajili wa Vizazi imekishinda kirusi cha kompyuta kabla hakijafika. Ushindi wa namna hii ni nadra, na sifa zote ni za Mkurugenzi. Jumatatu asubuhi alipokea ujumbe kwenye simu yake: Ijumaa, saa sita juu ya alama, kirusi kitaingia maofisini na kula faili zote, mwenye akili azifute mapema. Kufikia saa nne, Waraka Namba Tisa ulikuwa umebandikwa hadi mlango wa choo.

Waraka uliagiza mambo matatu. Kompyuta zigeuzwe zitazame ukuta, zisionane. Faili zote zifutwe Ijumaa saa tano na nusu, ili kirusi kikija kikute sufuria tupu. Na mtu yeyote atakayebainika kuwa ndiye aliyeanzisha balaa hili, kompyuta yake ifutwe papo hapo bila kuhakiki, kwa kuwa kuhakiki ni kuchelewesha.

Mama Masjala, mtunza kumbukumbu wa ofisi, aliusoma mara mbili. Miaka tisa alikuwa akichapa majina ya watoto elfu arobaini kutoka madaftari ambayo sasa mchwa wameshayamaliza. Nakala nyingine haikuwapo. Akaenda kugonga mlango wa mkubwa.

"Shikamoo, Mzee. Samahani, tukizifuta sisi au kikizila chenyewe, tofauti iko wapi?"

"Marahaba. Tofauti ni kubwa mno! Sisi tutakuwa tumefuata utaratibu."

"Na huo ujumbe umehakikiwa?"

"Umetoka kwa mtu wa kuaminika. Mkuu wa Ugavi."

"Yeye kautoa wapi?"

"Mama, wewe ni wa masjala au wa upelelezi?"

Alikuwa wa masjala, tena damudamu, na watu wa masjala wana ugonjwa wao: hawawezi kuona barua wasiulize imetoka kwa nani. Akabeba daftari lake la barua zinazoingia, akaanza safari. Mkuu wa Ugavi, akihesabu sabuni, alisema kaupata kwa dereva. Dereva, akiwa uvunguni mwa gari, aliapa kwamba kaupata kwa bibi anayempeleka kliniki kila Jumanne. Bibi huyo ni nani? Mama mkwe wa Mkurugenzi! Alhamisi Mama Masjala akampigia simu.

"Mimi? Si kanitumia mkwe wangu mwenyewe, mwaka jana! Msomi yule. Ila juu aliweka maneno ya herufi kubwa, kama ananifokea. Nikayakata ndipo nikawatumia wenzangu."

"Yalisemaje, mama?"

"Ngoja nivae miwani, bado ninayo. 'MFANO WA TAHADHARI YA UONGO. KWA SEMINA YA WATUMISHI. USISAMBAZE.'"

Lo! Mama Masjala alicheka mpaka akakaa chini, mkono mmoja ukiwa bado umeshika simu.

Ijumaa, saa tano na nusu, watumishi wote walisimama wima na fundi wa kompyuta alikuwa ameshainua kidole. Mama Masjala akasogea na karatasi moja, imechapwa vizuri.

"Aliyeanzisha amebainika, Mzee. Naomba uisome kwanza."

"Kusoma ni kuchelewesha!" Mkurugenzi akatia saini kwa mbwembwe, akagonga muhuri mara mbili. "Fundi, anza na huyo! Futa yote, isibaki hata nukta!"

"Hata mstari wa mwisho tu, Mzee, tafadhali."

"Fundi!"

Fundi alisoma, akautazama waraka ukutani. Kisha akawapita watu wote na kuingia ofisi ya Mkurugenzi. Ndani ya kompyuta ya mle mlikuwa na hotuba za miaka kumi na moja, pamoja na kitabu alichokuwa akiandika kuhusu uongozi makini, sura kumi na tisa. Kazi ilichukua dakika nne.

"Mwendawazimu wewe!" Mkurugenzi alipiga yowe. "Unafutaje kitu bila kuhakiki?"

Fundi akamwonyesha saini yake, muhuri wake, muhuri wake tena.

Saa sita kasoro dakika tano ukatoka Waraka Namba Kumi: ni marufuku kufuta wala kusambaza chochote mpaka kihakikiwe. Mama Masjala aliuchapa mwenyewe, moyo kwatu, watoto wake elfu arobaini wakiwa salama.

"Na nakala, Mzee," akauliza kwa adabu, "nimpelekee na mama mkwe?"