Kuhusu Ukoo wa Watu Walio Kitabuni Tu

Kalemie, Alhamisi

Kwa Papa Jean-Marie,
Mwenyekiti wa Wasomaji wa Parokia

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Pokea salamu zangu za heshima. Najua wewe ni baba yangu na tunaishi nyumba moja, lupango moja, lakini tangu mkutano wa Jumapili wewe na Mama hamsemezani, nami nimeona Mwenyekiti atanisikiliza kuliko Papa.

Shauri langu ni riwaya ya *Sahani Sita*, niliyoipendekeza mimi mwenyewe. Ni kitabu cha huzuni: bwana hasemi na bibi yake, bibi anakufa, watoto wanatawanyika, basi. Nilitegemea tubishane juu ya uandishi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Papa Rubens, msomaji mwenzetu, alisimama mkutanoni akauliza, "Familia gani hii, mjomba hayuko?" Akasema mwandishi hana adabu, kisha akajiteua kuwa mjomba wa watu wale. Mama Philomène alimpigia makofi.

2. Mjomba alipopatikana, viti viligawanywa kama kwenye kikao cha ukoo: upande wa bwana kushoto, upande wa bibi kulia. Wewe, ambaye kazi yako ni kukaa katikati, ulibeba kiti chako ukaenda kuongoza upande wa bwana. Ulisema, "Mwanaume kunyamaza si kosa. Huyu mama alitaka nini, hotuba?"

3. Mama akakujibu toka upande wa pili: "Salamu tu, Papa. Salamu ya asubuhi ingetosha." Watu wote walicheka, isipokuwa ninyi wawili.

4. Sasa upande wa bwana unadai mbuzi wa kuombwa msamaha, eti bibi alikufa bila kuaga. Upande wa bibi umekataa, nao unadai mwili ukazikwe kwao. Mwili gani? Uko sura ya tisa!

5. Kamati imekifungia kitabu kabatini mpaka koo hizi zipatane. Mimi sijamaliza kukirudia.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, utangaze baada ya misa kwamba watu wale ni wa karatasi, na kwamba toka Moba mpaka Kongolo hawana shemeji. Atakayeendelea kujiita ndugu yao apewe yatima wao, awalishe na kuwalipia minerval ya shule. Tena umweleze Mama waziwazi kwamba bwana yule si wewe. Kitabu hakihusu nyumba yetu hata kidogo. Kimya cha kwetu ni kimya cha watu walioshiba.

Unisalimie kamati, unisalimie upande wa bwana na upande wa bibi, na Mama pia, ukipata nafasi ya kupita jikoni.

Ni mimi, msomaji wako mtiifu na binti yako,
Falone

N.B. Mama alikimaliza kabla hakijafungiwa. Ile sura ambayo bibi amelazwa hospitali na bwana anabaki nje uani, hathubutu kuingia, aliisoma mara mbili. Kisha akavua miwani, akaniuliza polepole: "Huyu mwandishi, nani alimwambia?"