Elfu Mbili na Mia Saba kwa Siku Tatu

Jumatatu, 3 Novemba
Mazoezi ya vugo, ngoma yetu wanawake ya kupigia pembe harusini, hapa Mishomoroni. Harusi ya Malak, binti wa dadangu, ni Jumamosi. Mimi, Alawiya, ndiye kiongozi wa nyimbo, mwaka wa kumi na moja sasa. Ubeti wa tatu nikapiga chafya. Mkojo ukatoka. Si mwingi. Unatosha. Nikasema nimemwagikiwa na juisi ya ukwaju. Nyamvula, mwenye sauti ya pili na jicho la kwanza, akasema hajaona ukwaju nyumba nzima. Nikiaibika, nafasi ni yake. Uamuzi: sinywi maji mpaka Jumamosi.

Jumanne, 4 Novemba
Kufikia adhuhuri kichwa kinagonga, mkojo unachoma. Zahanati. Lynnette, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mtu wa bara, akaniamkia shikamoo. Nikasema nimekuja kwa niaba ya rafiki. Akaniambia basi rafiki anywe maji, apunguze kahawa. Uzazi umelegeza misuli inayoshikilia kibofu. Kisu hakihitajiki. Abane kama anayezuia mkojo na upepo kwa pamoja, ahesabu mpaka kumi, alegeze. Mara kumi, asubuhi, mchana na jioni, miezi mitatu. Chafya ikija, abane kwanza. Akauliza rafiki amezaa wangapi. Nikasema watano. Akaandika kwenye kadi yangu.

Jumatano, 5 Novemba
Nimepiga hesabu. Miezi mitatu ni mibano elfu mbili na mia saba. Kwa nini mtu angoje Februari? Mia tisa kwa siku, Ijumaa nimemaliza! Nilipofika wa mia nne na kumi na tatu, mume wangu Jamaludin akauliza mbona nimenuna. Sikujibu, nisipoteze hesabu. Akadhani nimeshajua. Akakiri mwenyewe kwamba mamake anakuja kukaa mwezi mzima. Nikaanza upya kutoka moja.

Alhamisi, 6 Novemba
Kukaa siwezi. Nikikohoa, ni mafuriko. Nikarudi zahanati. Lynnette akauliza kama futari za mwezi mzima huliwa siku moja. Misuli imechoka, akasema. Nipumzike leo, kesho nianze taratibu.

Nilipotoka, kwenye benchi: Nyamvula! Nikavuta ushungi usoni.

“Da Alawiya, viatu vyako navijua. Keti.”

Nikaketi, kwa upande.

“Nilipozaa pacha, hata kucheka niliacha. Huu mwezi wangu wa nne hapa. Wallahi, sasa nacheka.”

Nikasema nimeleta kadi ya rafiki. Akasema nimsalimie huyo rafiki, na siku ya harusi yeye Nyamvula atasimama nyuma yake. Rafiki akihisi chafya amkanyage mguu, naye ataupokea wimbo.

Wema wa namna hii una lake jambo.

Jumamosi, 8 Novemba
Ukumbi umejaa. Udi kila kona. Pembe zinalia, nimo katikati ya wimbo, pua ikaanza kuwasha. Mguu wa Nyamvula uko pale pale. Sikuukanyaga. Nikabana. Chafya ikatoka kama mlango uliobamizwa na upepo.

Kavu!

Nikageuka. Nyamvula alikuwa analengwalengwa na machozi, anatabasamu. Nikampa mgongo haraka. Nikaimba kwa nguvu zaidi, asije akayaona yangu.

Jumapili, 9 Novemba
Nimepona. Mazoezi nimeacha. Lynnette na miezi yake mitatu, hiyo ni ya watu wazito. Leo nimetangaza darasa kwa wanawake wa kikundi: kupona kwa siku tano, njia ya Alawiya. Sita wamejiandikisha. Nyamvula akaniomba, dada yangu, usiache, ndiyo kwanza unaanza. Wivu! Ili waone mtu aliyepona alivyo, nikaruka kamba mbele yao. Nilifika mruko wa nne. Nyamvula akavua leso yake, akanifunga kiunoni.

Kamba yenyewe ilikuwa fupi.