Namba Ngeni Usipokee

Jumatatu, 3 Machi

Nimefika! Niko ng'ambo, ghorofa ya nne, chumbani kwa kaka yangu mkubwa. Yeye ni fundi wa lifti, na jengo analokaa halina lifti. Nimepanda ngazi na masanduku mawili matupu. Kurudi hayatakuwa matupu.

Nimekuja kwa jambo moja: karatasi ya nyumba ya marehemu baba. Mama ameshakubali niwe msimamizi, imebaki saini ya kaka. Si mtu wa kukurupushwa. Nimeanza kwa kusifia mapazia.

Ushindi wa leo: laini ya hapa! Kule nyumbani binti wa kampuni ya simu alinisihi niwashe huduma ya kutumia laini yangu nje ya nchi. Akasema nikishavuka mpaka, haiwashiki tena. Nikamcheka. Najua wanavyonyonya watu. Uwanja wa ndege nimechomoa laini ya nyumbani, nikachomeka ya hapa, namba mpya kabisa, na intaneti inakimbia si mchezo. Laiti binti yule angeniona!

Kaka aliuliza habari za mama. Nikasema tumbo tu linamsumbua, daktari amesema upasuaji unaweza kungoja nirudi. Akauliza kama bado amemkasirikia. Nikashusha pumzi, nikatazama sakafu, nikasema bado. Alikwenda kunichemshia chai.

Jumanne, 4 Machi

Nimempigia mama. Imeita, ikakatwa. Nikapiga tena. Ikakatwa kabla hata ya kuita vizuri. Ndipo nikakumbuka lile somo. Loh!

Somo nililitoa mwenyewe, miaka mitatu iliyopita, baada ya kumzika baba. Kaka hakufika mazikoni kwa sababu ya vibali, akawa anampigia mama kila Jumapili. Maongezi hayaishi! Mkubwa wangu kasema hivi, mkubwa wangu ataka vile. Na mimi kitindamimba niliyebaki kumpeleka kliniki, mimi ni nani, kopo? Basi nikafuta jina la kaka kwenye simu ya mama, ile ya vitufe yenye tochi. Nikawakalisha mama, mama mdogo anayeishi naye, na jirani yetu fundi cherehani. Nikawaambia namba ya nje ni tapeli. Atasema yeye ni mwanao, amebadilisha namba. Atataja mpaka jina la babu. Siku hizi sauti wanaziiga kwa mashine. Atalia. Akilia, kata! Nikaandika kwa kalamu nene kwenye kipande cha boksi, nikakibandika ukutani juu ya kabati: NAMBA NGENI USIPOKEE.

Kaka nikamwambia mama ameapa hatapokea simu yake. Tangu siku hiyo salamu, dawa na vitenge vyote hupitia mikononi mwangu. Kazi safi. Sikujua tu kama wamenielewa vizuri kiasi hiki.

Hakuna shida. Nimemtumia ujumbe: Mama, ni mimi mwanao, nimebadilisha namba.

Nikautuma kwanza, nikausoma baadaye. Lahaula!

Jioni kaka alinipigia soga za kazi. Kumbe kijana aliyesoma naye ufundi ndiye anayehudumia lifti za hospitali ya kwetu. Nikaitikia tu. Nilikuwa nawaza saini.

Jumatano, 5 Machi

Nimejaribu namba ya mama mdogo, amepokea! Amepokea ili anitukane, lakini amepokea.

Alinimwagia yote bila kupumua. Kwamba dada yake amelazwa tangu jana, utumbo umeziba. Kwamba madaktari wanataka kumpasua na yeye amegoma, haingii chumba cha upasuaji mpaka asikie sauti ya kitinda wake, aliyeahidi kupiga akifika. Kwamba ameishikilia simu kifuani anasubiri hiyo namba, na mimi mwizi nisiye na haya ndiye ninayeizibazibia njia.

Nikamwambia mama mdogo, ndiye mimi! Akacheka kicheko cha dharau. Nikamtajia jina la babu. Akasema hilo waliambiwa. Nikamtajia kovu la gotini, siku niliyoanguka na birika lake. Akasema kweli dunia imeharibika, mpaka makovu ya watu wanayajua. Nikalia. Wallahi sikuwa naigiza, machozi yalinitoka yenyewe. Akasema na kulia pia waliambiwa, akakata.

Nimerudisha laini ya nyumbani. Hakuna mtandao. Nikaipeleka dirishani, nikaipeleka kwenye ngazi, nikasimama juu ya kiti. Hakuna. Nikarudi kwenye laini ya hapa, nikawapigia kampuni ya simu. Kijana mwenye adabu nyingi akaniambia nifike dukani na kitambulisho. Nikamwambia niko nje ya nchi. Akasema basi ningewasha huduma ya nje. Nikamwambia ndiyo hiyo naomba. Akasema nifike dukani.

Namba ya hospitali iliyo mtandaoni haipatikani. Nikampigia jirani fundi cherehani. Huyu alinisikiliza kwa upole mpaka mwisho, nikamshukuru Mungu. Kumbe alikuwa ananirekodi apeleke polisi.

Njia moja imebaki, naijua. Kaka ampigie mwenzake wa lifti, naye apande wodini. Lakini kumweleza kaka kwa nini mama hapokei ni kumweleza somo. Na saini bado. Ameahidi kusaini kesho asubuhi. Usiku mmoja tu jamani! Mama ni jabali, alituzaa sisi wawili na kila mara kesho yake akapika.

Kaka aliona macho yangu mekundu. Nikasema vumbi la huku.

Alhamisi, 6 Machi

Amesaini! Akipuliza wino ukauke, akasema mdogo wangu ndiye uliyebaki na mama, kwa hiyo nyumba iwe mikononi mwako. Nilitaka kufurahi. Nilikuwa naangalia simu.

Nikasema moyoni, sasa nampigia mama mdogo mara nyingine, akinipa mama sina haja ya kueleza lolote. Kwa haraka nikabonyeza, nikagusa na kipaza sauti bila kujua. Mama mdogo akapokea, na sauti yake ikajaa chumba kizima.

Akasema tumkome mgonjwa wao aliyelazwa hospitali. Akasema mtoto wao wa nyumbani aliwafundisha, namba za nje zote ni wezi, na wao si wajinga. Tena mwanzoni kulikuwa na mmoja akipiga kila Jumapili akijifanya ndiye mkubwa, wakamkata mpaka akachoka.

Kaka alikuwa ameshika kikombe. Alikiweka mezani taratibu. Nilingoja kofi, ningelipenda kofi. Aliniuliza jambo moja tu, mama kalazwa wodi gani. Kisha akampigia mwenzake wa lifti.

Yule kijana hakuuliza maswali. Aliacha kazi yake, akapanda wodini na nguo zake za grisi, akampa muuguzi simu, muuguzi akamwekea mama sikioni. Nikasikia anavyohema. Kaka akasema, mama, ni mimi mkubwa wako. Kabla hajaendelea nikamnyang'anya simu nikasema, na mimi mama, kitinda wako, kubali wakupasue, mama yangu, kubali!

Mama akazungumza, lakini si na sisi. Alimwambia muuguzi kwamba mkubwa wake alishamtupa, hampigii. Na kitinda wake ana namba yake anayoijua. Akasema hawa ndio wale matapeli, sasa wamekuwa wawili, na huyu mwenye grisi yumo. Akamwomba, mwanangu, kata.

Muuguzi akakata.

Kaka amekaa kitandani ananitazama. Nimemweleza kwamba kosa ni la kampuni ya simu.

Ijumaa, 7 Machi

Mama amefariki alfajiri. Kijana wa lifti ndiye aliyepiga.

Walimpasua baada ya yeye kupoteza fahamu, na tumbo lilikuwa limeshaharibika ndani. Simu walimtoa mkononi kwa nguvu.

Nimelia mpaka mbavu zinauma. Sina mama. Naandika hivi na sijui kwa nini naandika. Kaka hakunigusa wala kunifukuza. Aliosha vikombe vyote, hata vilivyokuwa safi. Pasipoti yake iko uhamiaji anasubiri kibali, hawezi kusafiri. Mzazi wa pili huyu anazikwa bila yeye. Ameniomba kitu kimoja: nikifika nyumbani nimweleze mama mdogo ukweli wote, ili akipiga apokelewe. Nikamwapia kwa jina la mama.

Karatasi ilikuwa bado mezani. Nimeitia kwenye sanduku kabla hajaikumbuka. Naona aibu. Lakini nimeitia.

Jumamosi, 8 Machi

Nimetua. Nimerudisha laini ya nyumbani simuni, mtandao ukashika hapo hapo kwenye foleni ya mizigo. Simu ikaanza kutetemeka, haikomi. Mama alikupigia. Mama alikupigia. Mama alikupigia. Mpaka ujumbe wa mwisho, wa Alhamisi mchana. Watu walinipita na masanduku yao. Nilikaa chini kwenye sakafu, mzee mmoja akaniuliza kama nimeibiwa.

Jumatatu, 17 Machi

Matanga yameisha. Nimesifiwa sana kwa nilivyolia. Mama mdogo amemsimulia kila mgeni jinsi matapeli walivyomsumbua marehemu mpaka dakika yake ya mwisho, mmoja akiiga sauti yangu vizuri ajabu. Wageni wakaniangalia kwa huruma. Niliinamisha kichwa.

Nilikuwa nimeamua kumweleza leo. Kweli kabisa, nilikuwa nimeshavuta kiti. Lakini wazee wa ukoo wanakaa wiki ijayo kuhusu nyumba, na mama mdogo ndiye atakayesema nani alimtunza marehemu. Si wakati mzuri. Nitamweleza mambo yakitulia.

Simu ya mama sasa anaitumia yeye. Mchana tulikuwa tumekaa sebuleni ikaita. Akaisogeza mbali na macho, akanionyesha kioo, akauliza namba hii ndefu ni ya wapi. Naijua kwa moyo. Ni ya kaka.

Nikamwambia ni wale wale.

Akakata. Akasema Mungu amlaze dada yake pema, na kwamba anamshukuru marehemu kwa kumwachia mtoto mwenye akili. Ikaita tena, akakata mwenyewe bila kuniuliza.

Lile boksi la ukutani limeanza kubanduka kona moja. Nimelipaka gundi.