Kona Zote za Kushoto

Mhandisi hakuwa mhandisi wa kitu chochote. Jina alilipata siku aliponunua kizibao cha njano chenye mistari inayong'aa, na tangu siku hiyo milango ilianza kumfungukia yenyewe. Binadamu ana udhaifu mmoja: akiona kizibao cha njano na karatasi mkononi, haulizi swali, anasogea pembeni. Kwa kizibao hicho Mhandisi alikwishakagua visima visivyohitaji kukaguliwa, akapima nyufa za kuta za watu, na mara moja aliuza kibali cha kuegesha gari kwa mtu asiye na gari. Yeye mwenyewe pia hakuwa na gari, na hilo ndilo lililokuwa likimuuma. Miaka yote alikuwa akiwakimbia kwa miguu watu aliowatapeli, na miguu ina mwisho wake.

Asubuhi moja alikuwa amesimama kwenye kona, anatafuta riziki kwa macho, akaona jambo. Friji bovu lilikuwa limewekwa kando ya barabara, nje ya geti. Pikapu tatu za vyuma chakavu zilitokea kwa wakati mmoja, kila moja na upande wake, zikafunga breki pua kwa pua. Madereva walishuka mbiombio. Wa kwanza alishika mlango wa friji, wa pili akashika mgongo wake, na wa tatu, kwa kukosa pa kushika, akamshika wa pili shati. Lakini kilichomfanya Mhandisi asahau hata njaa ni kwamba pikapu zote tatu zilikuwa zimeandikwa ubavuni jina la kiwanja kimoja cha vyuma.

"Hawa wanachoma mafuta kugombania kitu chao wenyewe," alijisemea, na furaha ikampanda mpaka masikioni.

Mwenye pikapu hizo aliitwa Bwana Mizani, kwa sababu alikuwa na mizani kubwa kuliko zote mjini, ile ya bamba la chuma ambayo gari zima hupanda juu yake. Ofisi yake ilikuwa chumba cha mabati kando ya mizani hiyo, chenye meza, feni isiyozunguka na mafaili yaliyopauka kwa jua. Kabla ya adhuhuri, kizibao cha njano kilikuwa kimekwishaketi mbele ya meza.

"Wewe ni nani?" aliuliza Bwana Mizani.

"Mhandisi wa njia, mzee."

"Njia nazo zina mhandisi?"

"Zako zinahitaji daktari. Leo nimeona gari zako tatu zikipigania friji moja."

Bwana Mizani alitazama dirishani kwa aibu. "Lilikuwa friji zuri," alisema.

"Mzee, gari hazina kosa, wala madereva. Kosa ni kuzunguka ovyo. Nitakuchorea ramani: kila gari na mtaa wake, kila mtaa na saa yake. Siku moja tu ya majaribio. Saa sita mchana zikirudi zimejaa, utanipa ile." Akaelekeza kidole uani, kwenye pikapu ya bluu iliyofunikwa turubai.

"Ile ilikuwa ya marehemu baba mkwe."

"Basi yeye haihitaji tena."

Bwana Mizani alikuna kidevu, akapiga hesabu ya pikapu kuukuu moja dhidi ya vyuma vya mji mzima, na tamaa ikamjibia kabla yake. Walishikana mikono.

Likabaki tatizo dogo tu, kwamba Mhandisi hakujua ni nani anatupa nini, wapi wala lini. Lakini kwenye geti la kiwanja alikuwa amemwona mtu mmoja akiingia na mzigo uliojaa pomoni wakati wengine ndio kwanza wanawasha magari. Alikuwa mama wa makamo, mwenye mikono iliyoshiba kutu, anaendesha kigari cheupe kilichozeeka naye. Watu walimwita Bi Kutu, na wala hakuona jina hilo kuwa baya.

Kesho yake alfajiri Mhandisi alimsubiri barabarani. "Shikamoo, Mama. Natoka ofisi ya barabara. Tunachunguza matumizi ya mafuta."

"Marahaba, mwanangu." Bi Kutu alimtazama kutoka kofia hadi viatu. "Panda basi uchunguze. Lakini kwenye gari langu anayepanda anabeba."

Basi alibeba. Siku sita mfululizo alibeba majiko, mabati, vitanda vya chuma na baiskeli zisizo na magurudumu, huku jicho moja likiwa kwenye mzigo na jingine barabarani. Na alichokiona kilimshangaza. Bi Kutu hakuzunguka hata hatua moja ya bure. Kila asubuhi alipanda mlima gari likiwa tupu, akaanzia geti la juu kabisa, kisha akashuka mtaa kwa mtaa mpaka chini.

"Mama, kwa nini tusianzie huku chini? Ndiko karibu."

"Ili nipandishe mlima na mzigo? Panda mtupu, shuka mzito. Hata punda analijua hilo, ila hana leseni."

"Na hapa, mbona hatukati kulia?"

"Ukikata kulia unasubiri magari yote ya dunia yapite kwanza. Mimi nakata kushoto tu. Kushoto, kushoto, kushoto, nimezunguka mtaa mzima na sijamwomba mtu radhi. Huu mwaka wa kumi na tisa sijakata kulia."

Hata saa zake zilikuwa na hekima. Mtaa wa juu aliufikia baada ya waume kwenda kazini na kabla ya gari la taka la manispaa kupita. Katika nusu saa ile ndipo wake walipotoa nje kila kitu ambacho waume zao wameahidi kukitengeneza tangu mwaka juzi. Ukiwahi, mume bado yupo na anaking'ang'ania. Ukichelewa, manispaa imekwishabeba.

Mhandisi alirudi chumbani kwake kila alasiri, mgongo unamuuma, akatandaza karatasi kubwa kitandani na kuchora. Barabara aliipaka bluu, geti jekundu, saa kijani. Alifuta, akapima kwa uzi, akachora upya. Alipokosea kona moja roho ilimuuma kweli, na alipoipatia alicheka peke yake. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa akifanya kazi halali, ila hakuitambua, kwa kuwa hawakuwahi kukutana.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii ya Mhandisi ilikuwa fupi kuliko zote mjini, na kwa rangi zile ilikuwa nzuri pia. Bwana Mizani aliibandika ukutani, akaitazama kwa muda mrefu mikono ikiwa nyuma. Akapanga majaribio yawe keshokutwa.

Siku ya majaribio Mhandisi alipanda pikapu ya kwanza, kofia imenyooka kichwani. Walipofika geti la juu, mlinzi alikuwa amekwishasimama nje anatabasamu.

"Karibuni, karibuni. Leo mna bahati," alisema.

Kando ya barabara yalisimama mafriji mawili yaliyofungwa kwa utepe wa gundi, na mashine ya kufulia. Geti la pili, mafriji matatu. La tatu, mashine nne na pipa lililozibwa. Kila mlinzi alikuwa na furaha isiyo ya kawaida, na wengine walisaidia hata kubeba, jambo ambalo mlinzi halifanyi ila akiwa na sababu. Friji moja lilihitaji wanaume wanne.

"Mbona zito hivi?" dereva alihema.

"La zamani," alisema Mhandisi. "Zamani walikuwa hawabani chuma."

Hata saa tano na nusu haijafika, pikapu zote tatu zilikuwa zimerudi zimechuchumaa kwa uzito. Zilipanda juu ya mizani moja baada ya nyingine, na kila mshale uliposogea Bwana Mizani alitoa sauti ndogo ya mtu anayekunwa mgongo. Mizani ni chombo cha haki, lakini haina macho. Inajua kitu kina uzito gani, haijui ni kitu gani.

Bwana Mizani alimkumbatia Mhandisi. Akaandika karatasi ya kumwachia gari, akatia saini, akatoa ufunguo. Mhandisi alipokaa nyuma ya usukani wa pikapu ya bluu, macho yalimjaa machozi. Alipiga honi mara moja, kisha mara ya pili, kwa sababu ilikuwa honi yake.

Barabara ya kutoka mjini ilipita mlimani. Mhandisi angepita bila kusimama, tungemaliza hadithi hapa na yeye angekuwa tajiri wa mji mwingine. Lakini mlinzi wa geti la juu alimpungia mkono.

"Mhandisi, hizi mashine mbili mlizisahau. Chukua, bure."

Bure. Ni nani amewahi kupita kando ya neno hilo mguu ukiwa kwenye mafuta? Alisimama, wakapakia. Geti lililofuata walimpungia tena, na la tatu hali kadhalika. Njia aliijua kwa moyo, kwa hiyo aligeuza gari akaufuata mtaa kushuka, kona za kushoto moja baada ya nyingine, akiimba, akisimama kila geti, mpaka pikapu ya marehemu ikawa inaburuta makalio. Kwenye tuta la mtaa wa chini kitu kililia kwa nguvu chini ya gari. Springi ya nyuma ilikuwa imekatika, na gari likalala upande mmoja kando ya barabara.

Alishuka akalizunguka. Mashine moja ilikuwa imeanguka na mfuniko wake kufunguka. Ndani ilikuwa imejazwa udongo mwekundu, umeshindiliwa vizuri. Mhandisi aliutazama udongo ule, akafungua mashine ya pili, nayo ilikuwa udongo mtupu. Hapohapo, kutoka upande wa kiwanja, alisikia honi za pikapu tatu zikija kwa pamoja.

Kigari cheupe kilisimama kando yake kimyakimya.

"Gari zuri," alisema Bi Kutu. "Lako?"

"Langu, Mama. Limeharibika."

"Naliona. Wale wanaopiga honi wanakutafuta. Mlinzi wa kiwanjani amenipigia simu. Wamefungua friji la kwanza, udongo umemwagika mpaka ofisini."

Mhandisi alimtazama usoni, na mambo yakaanza kujipanga. "Ni wewe uliyewaambia walinzi."

"Mimi huuza mzigo wangu kiwanja kile kila siku, mwanangu. Juzi nimeingia ofisini kuchukua risiti, nikakuta barabara zangu ukutani zimepakwa rangi. Miaka kumi na tisa ya mgongo wangu. Nilitaka kulia mbele za watu. Nimesomeshea watoto wangu mtaa ule. Pikapu tatu zikiuingia, mimi nimekwisha. Walinzi wamenisaidia kujaza tangu jana, na madereva wale sasa hawataukanyaga tena hata kwa kulipwa."

"Nisamehe, Mama."

"Ulichora vizuri, lakini. Sikutegemea."

Honi zilikuwa zimefika mtaa wa pili. Mhandisi aliitazama miguu yake, ambayo kwa siku sita ilikuwa imebebeshwa majiko. Haikuwa na mbio tena.

"Mama, nifiche. Niko chini ya miguu yako."

"Mimi sibebi kitu kisicho changu. Andika nyuma ya ile karatasi ya gari uliyopewa na Bwana Mizani kwamba gari hili umeniachia. Ukishakuwa na deni la shukrani kwangu utakuwa mzigo wangu, na mzigo wangu siuachi njiani."

Alilitazama gari lake. Alikuwa nalo saa moja na dakika chache. Kisha akaandika, akatia saini. Bi Kutu aliisoma karatasi mara mbili, akaikunja kifuani, akamlaza nyuma ya kigari na kumfunika kwa hodhi kubwa la kuogea, la chuma.

Pikapu zilifunga breki. "Mama, umemwona yule wa kizibao?"

"Nimemwona. Alikuwa anaandika."

"Kuandika ndiyo kazi yake," dereva alifoka, na wote watatu wakaondoka kwa kasi kuelekea mlimani.

Chini ya hodhi Mhandisi alivuta pumzi. Gizani mle hakuona kitu, lakini hakuhitaji kuona. Kigari kilikata kushoto: hapo ni kwa fundi viatu. Kikaenda kidogo, kikakata kushoto tena: ukuta wa shule. Alitabasamu. Hakuna mtu aliyeijua njia ile kuliko yeye, isipokuwa mmoja. Mbele kulikuwa na njia panda kubwa, na pale, mkono wa kulia, ndipo ilipoanzia barabara nyingine ya kutoka mjini. Atashushwa huko, ataanza upya, miguu itapona.

Kigari kikasimama njia panda. Mhandisi akasikiliza magari yote ya dunia yakipita, na ndipo alipokumbuka kwamba Bi Kutu hakati kulia.

Kigari kikakata kushoto. Kikaenda polepole, kikapanda kitu kama ngazi fupi, na bamba la chuma likatikisika chini yake kabla ya kutulia.

"Bi Kutu," ilisema sauti ya Bwana Mizani, kavu kwa vumbi la udongo. "Leo umechelewa. Umeniletea nini?"

"Hodhi moja la chuma," alisema Bi Kutu. "Lipime hivyohivyo lilivyo. Kilicho chini yake nakuachia bure."