Mtunzi wa Chumba cha Tano Ahamishwe

Leningrad, 14 Machi 1927

Kwa Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Nyumba,

Salamu, na pole kwa kazi. Mimi ni Glafira Nikanorovna Ptitsyna, mshonaji, mjane, chumba cha sita. Ninaomba kwa heshima zote kikao cha Alhamisi kimhamishe mtunzi wa muziki wa chumba cha tano, Venedikt Arkadyevich Zubtsov, kabla hajatumaliza. Sababu ni hizi:

1. Anapiga piano kwa viwiko. Siku ya kwanza nilidhani anaifuta vumbi, nikampelekea kitambaa. Akashukuru, akakisokomeza katikati ya nyuzi, na tangu siku hiyo piano inakohoa.

2. Ameharibu watu. Jirani yetu Agripina hawezi tena kukoroga supu ya kabichi bila kugonga sufuria huku na huku. Savva, fundi wa tramu, zamani aliimba vibaya akaona haya. Sasa anaimba vibaya kwa makusudi. Nilipomkanya alinijibu, "Shangazi Glasha, ndiyo mambo ya kisasa haya! Wewe bado unacheza valsi na mfalme?" Mimi, ambaye mfalme sikumwona hata kwa mbali!

3. Ameiba cherehani yangu. Yenyewe ipo, Ndugu Mwenyekiti, ila sauti yake ameiandika kwenye simfonia, huo muziki wake wa okestra, ipigwe na matarumbeta. Tena ameiandika vibaya! Yangu hujikwaa kila mshono wa saba. Yake inateleza kama ya tajiri. Nilikwenda kumlalamikia, akasema, "Glafira Nikanorovna, mpenzi, hebu shona tena nisikie." Nimeshona Jumapili nzima makoti mawili yasiyo na mwenyewe, mpaka akaipata.

4. Kengele. Unajua mlango wetu ni mmoja na kila mtu ana milio yake: Agripina mmoja, Savva miwili, mtunzi mitatu, wateja wangu minne. Wanafunzi wa mtunzi hawahesabu, wanabonyeza wanavyojisikia, nasi sote tunatoka mbio. Na siku moja mtunzi alisoma orodha ya milio pale mlangoni, akauliza, "Huyu wa miwili mifupi na mmoja mrefu ni nani?" Nikamwambia, "Ni Yefim, mume wangu. Alikufa kwa homa ya chawa mwaka wa 1919. Hiyo haibonyezwi na mtu." Hata pole hakusema. Alitoa kijidaftari akaandika. Hilo limeniuma, na sitamsamehe.

Akishaondoka, chumba chake nipewe mimi, kwa ajili ya kupigia pasi tu. Sina tamaa.

Msalimie mkeo, watoto, na Agripina ukimwona, maana tangu jana hatusemeshani.

Wako katika ujenzi wa maisha mapya,
G. N. Ptitsyna

Tanbihi: Leo mchana, kabla ya kuileta barua hii, nilipitia kwenye mazoezi ya okestra inayopiga simfonia yake, kutafuta ushahidi zaidi. Cherehani ilijikwaa pale pale inapotakiwa. Kisha wote wakanyamaza, na tarumbeta moja ikapiga milio: miwili mifupi, mmoja mrefu. Nilisimama, nikajifuta mikono kwenye aproni ambayo sikuwa nimeivaa, nikaenda kufungua mlango. Nilishashika kitasa ndipo nikakumbuka nilipo.

Kwa hiyo futa sababu ya kwanza, ya tatu na ya nne. Ya pili ibaki, Savva aonywe. Na Alhamisi, atakayetaka kumhamisha Zubtsov aanze na mimi.