Vita vya Kuirudisha Sifuri ya Mbele

Sogezeni viti, enyi mlioumbiwa masikio. Mwenye chai mdomoni na aimeze kwanza asije akapaliwa, maana nawaletea habari za Karani wa Zahanati, Mpiga Vitufe Asiyetetereka, Binti wa Fundi Cherehani, siku aliyopambana na kompyuta iliyokula sifuri.

Daktari wa macho alikuwa anakuja kesho, siku moja tu kwa mwaka, kutoa mtoto wa jicho, na wagonjwa wote walipaswa kupigiwa simu leo. Miongoni mwao alikuwa shangazi yake Karani, ambaye siku hizi alikuwa akiusalimia mlango wa kabati na kukasirika usipoitikia. Karani akaitoa orodha kwenye mfumo wa zahanati, akamtumia Muuguzi Mkuu, Malkia wa Mapokezi.

Haukupita muda, Malkia akanguruma: "Ewe Karani! Nimepiga simu mpaka kidole kimeota sugu, na kila namba naambiwa haipo! Umenipa wagonjwa au mizimu?"

Karani akatazama. Lahaula! Kila namba ilikuwa imekatwa kichwa. Kompyuta, kwa kiburi chake, ilikuwa imeiona sifuri ya mbele kuwa kitu bure, ikaimeza bila hata kucheua.

Akakunja mikono ya blauzi. Akaiamuru safu ya namba za simu iwe ya maandishi, si ya hesabu. Safu ikatii, ikasogea kushoto, lakini vichwa havikurudi. Akavipachika kwa mkono, kimoja kimoja, akahifadhi, akatuma tena. Hapo Muuguzi, ambaye hajapata kupokea orodha akaiacha ilivyo, akaifungua, akaipanua, akaihifadhi. Faili lenyewe lilikuwa la aina nyepesi, lisilokumbuka amri yoyote likishafungwa, na lilipofunguliwa sifuri zote zikamezwa upya.

"Dada, umezigusa?"

"Nimezipendezesha tu, mdogo wangu. Safu zilikuwa zimebanana mno, utadhani foleni ya chanjo."

Karani alitamani kulia. Alimfikiria shangazi akibisha hodi kabatini mwaka mzima. Kisha, enyi wasikilizaji, akaacha kupigana na matawi, akarudi shinani: kwenye mfumo wenyewe, kabla orodha haijatoka, akachagua safu ya simu iwe maandishi, na faili liwe jedwali kamili, lenye kutunza amri zake. Akabonyeza. Akasimama, akatangaza: "Fungua, dada! Panua, paka rangi, livishe hata hereni!"

Muuguzi akapanua. Akapaka waridi. Akafunga, akafungua. Sifuri zikabaki zimesimama wima mbele ya namba zao, na wote waliokuwa mapokezi wakapiga makofi, akiwemo mzee aliyekuja kupima presha tu.

Muuguzi akapiga simu ya kwanza, ikaita.

"Haloo?"

"Ni zahanati, mama. Kesho asubuhi, macho."

"Alhamdulillahi! Mwambieni binti wa kaka yangu aje anichukue. Nasikia amekonda, nataka nijionee mwenyewe."

Basi na iandikwe katika tarehe za mashujaa kwamba siku hiyo sifuri ilirudi kwenye kiti chake. Karani akafuta machozi, akasema ni vumbi la kibodi.